Nguzo za mapambo: ipi ununue, ipi ukodi, ipi uiache dukani

Mteja akiingia duka la mapambo Kariakoo kutafuta nguzo, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye kichwa. Anapapasa yale majani yaliyochongwa, anasifu ua la pembeni, anauliza kama ya dhahabu ipo. Muuzaji anajua hilo, ndiyo maana vichwa hufutwa vumbi kila asubuhi. Kitako hakifutwi. Kiko sakafuni nyuma ya mifuko ya maua ya bandia, na hakuna anayeinama kukitazama.

Nami nilianza hivyo hivyo. Nguzo zangu nne za kwanza nilizinunua kwa sababu ya vichwa, nikazipeleka kwenye send-off moja, nikazifunga neti nyeupe kutoka juu hadi chini. Wakati mshereheshaji anatambulisha upande wa baba, mtoto wa miaka kama minne akaishika ile neti na kuivuta. Nguzo ya mita 2 ikaja polepole, kama mtu anayesinzia kwenye daladala, ikatua juu ya meza ya keki. Hakuumia mtu. Keki ndiyo haikupona.

Shangazi wa bi harusi akaniita pembeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hii nguzo yako ina miguu?"

"Ina kitako, shangazi."

"Hicho si kitako. Hicho ni sahani."

Usiku ule nilipofika nyumbani niliipima kwenye mizani. Kilo 5. Kitako chake kilikuwa na upana wa sentimita 40. Hesabu yake ni ndogo: nguzo ya kilo 5, urefu mita 2, kitako sentimita 40, ukiisukuma kule juu kabisa, nguvu ya nusu kilo inatosha kuilaza. Hata paka anayeruka anaizidi. Ukiweka mchanga wa kilo 15 ndani ya kitako kile kile, sasa inadai kilo 2. Ukibadilisha na kitako cha sentimita 60, uzito ukiwa ule ule, inadai kilo 3. Yaani mara sita ya mwanzo, na umetumia mchanga tu na mduara mpana zaidi.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa chini haukufuata uzuri. Nimeangalia nguzo inavyosimama, inavyosafiri na inavyotengenezeka ikivunjika. Uzuri nitauongelea, maana hakuna anayenunua nguzo ili iwe nzito, lakini uzuri una dawa nyingi: kitambaa, maua, taa. Nguzo inayoanguka haina dawa ukumbini.

Kabla ya dukani: urefu na unene

Chukua tepu ya kupimia, nenda ukumbini kwanza. Nguzo za nyuma ya kiti cha maharusi ziwe mita 2 hadi 2.4, zipite vichwa vya watu wakisimama kupiga picha. Chini ya hapo mpiga picha atakata kichwa cha nguzo kila mara, na kitakachobaki kwenye picha ni kitu kama bomba linalomtoka bwana harusi begani. Nguzo za njiani, zile za kuweka maua wanapopita maharusi, ziwe sentimita 80 hadi 100. Zikiwa fupi zaidi, gauni linazifunika. Zikiwa ndefu zaidi, wageni wa viti vya pembeni hawaoni kitu, na utasikia manung'uniko yao mpaka kwenye chakula.

Unene nao una siri yake. Dukani nguzo zote huitwa "za Kirumi", lakini maumbo yale yametoka kwa Wagiriki. Kuna ya Kidoria, kichwa chake ni cha kawaida kama mto uliobonyea juu na kigae bapa. Kuna ya Kiionia, yenye mikunjo miwili kama pembe za kondoo. Na kuna ya Kikorintho, ile ya majani mengi ambayo wateja wangu wote huitaka. Kila moja ina mwili wake. Ya Kidoria ni nene na fupi. Zile za hekalu la Parthenon kule Athens, lililojengwa kati ya 447 na 432 kabla ya Kristo, zina urefu wa kama mita 10.4 na unene wa kama mita 1.9 chini, yaani urefu ni mara tano na nusu ya unene. Ya Kikorintho hufika mara kumi. Ndiyo maana kichwa cha majani kikiwekwa juu ya nguzo fupi nene kinaonekana kama mtu mzima aliyevaa kofia ya mtoto. Kama unataka majani, nguzo ya mita 2.4 iwe na unene wa sentimita 25 hivi. Kama unapenda nguzo nene, chukua kichwa cha kawaida, upumzike.

Jambo jingine: nguzo halisi za kale hazikunyooka kama bomba. Mwili unapungua kuelekea juu, tena una uvimbe mdogo sana katikati. Nguzo ya bei rahisi ina unene ule ule juu na chini, na jicho linaijua hata kama mwenye jicho hajui sababu. Dukani, simama hatua tano nyuma, fumba jicho moja, tazama kingo zake mbili. Zikikimbia sambamba mpaka juu, umeshika bomba lenye kofia.

Ya kwanza: plastiki ya vipande

Kwa mpambaji anayeanza, kwa kamati ya kanisa, kwa mtu mwenye ukumbi mdogo wa kukodisha, hii ndiyo ninayoipendekeza. Inakuja kwenye boksi ikiwa vipande: kitako, vipande kadhaa vya mwili, kichwa. Unavipachika kimoja juu ya kingine. Nyingi zinatoka China, na tofauti kati ya nzuri na mbaya ni kubwa kuliko tofauti ya bei zake.

Faida yake kubwa ni safari. Kirikuu ina sehemu ya mzigo yenye urefu wa karibu mita 2 tu. Nguzo nzima ya mita 2.4 itatokeza nyuma, utafunga kitambaa chekundu na kumwomba Mungu mpaka unafika. Nguzo nane za vipande zinaingia chini ya turubai pamoja na viti na wewe mwenyewe. Kama unafanya kazi mbili kwa Jumamosi moja, hili peke yake linaamua.

Faida ya pili: mwili wake ni mtupu, kwa hiyo kitako kinaweza kubeba mchanga. Lakini hapa ndipo pa kuinama. Geuza kitako juu chini. Kama kina uwazi unaoingiza mfuko wa mchanga, na mwili ukipachikwa juu yake mfuko haupasuki wala haujitokezi, nunua. Kama kimezibwa pande zote, au ni kisahani chembamba kinachopindika ukikibonyeza kwa gumba, rudisha hata kama kichwa kina malaika wanne. Kuna vyenye tundu la kumimina maji. Maji ni mepesi kuliko mchanga na yanavuja usiku wa manane kwenye zulia la watu. Mimi natumia mchanga mkavu. Ndoo ya lita 20 ikijaa hufika kama kilo 30, hivyo nusu ndoo inamtosha mtu mmoja, nguzo moja.

Viungo ndivyo sehemu ya pili ya kukagua. Mwambie muuzaji aipachike mbele yako, yote, mpaka juu. Wengi watakuambia, "Dada, hizi zote ni sawa, ukifika nyumbani utafunga tu." Mjibu kwa upole kwamba utasubiri. Ikishasimama, ishike katikati uitikise. Mtikisiko kidogo ni kawaida. Ukisikia inagonga kama meno ya baridi, viungo vimelegea, na kila ukiifunga na kuifungua vitazidi kulegea. Dawa ya muda ni kuzungushia utepe wa karatasi wenye gundi, ule wanaotumia wapaka rangi, mzunguko mmoja kwenye shingo ya kila kipande. Dawa ya kudumu ni kutoinunua.

Mstari wa kiungo utaonekana, hasa taa ikipiga kutoka pembeni. Geuza vipande mpaka mifereji ya mwili ilingane, kisha shada la majani lizunguke pale palipoungwa. Na plastiki mpya hung'aa. Mwanga wa kamera ukiigonga, nguzo inaonekana kama ndoo. Wapo wanaopulizia rangi isiyong'aa, lakini lazima kwanza usugue kwa msasa laini, la sivyo rangi itabanduka maganda maganda kwenye kazi ya tatu. Mimi hupendelea kitambaa cha shifoni chepesi, mzunguko mmoja, umefungwa chini ya kichwa na kuingizwa ndani ya kitako. Usiache ncha ikining'inia. Nadhani sababu unaijua.

Adui wake ni jua. Plastiki nyeupe inayolala nje, au kwenye stoo yenye dirisha linaloingiza jua, itageuka njano kama meno ya mvuta sigara, na haitarudi. Ndani ya gari lililofungwa mchana wa Dar inaweza hata kupinda. Na ukinunua, nunua zote siku moja, boksi moja na jingine vya mzigo mmoja. Nyeupe zipo nyingi. Kuna yenye ubuluu, kuna ya maziwa. Dukani chini ya taa ya njano huoni tofauti. Washa tochi ya simu kwenye mbili kwa pamoja, utaona.

Ya pili: fremu za chuma na silinda za bati

Hizi si nguzo za Kigiriki, lakini nimeziweka juu kwa sababu harusi nyingi sasa zinazitaka. Fremu ni miraba ya skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, iliyopakwa dhahabu, imebaki wazi, na juu yake kuna ubao wa kuweka maua. Silinda ni ngoma ndefu za bati zinazouzwa tatu au tano, kila moja ikiingia ndani ya nyingine. Tano zinachukua nafasi ya moja kwenye gari. Ni akili nzuri sana.

Fremu usinunue dukani. Nenda kwa mafundi chuma wa Gerezani, Dar, na mchoro wako, au ukiwa Nairobi nenda Kamukunji, fundi akuchomelee ukiwa umesimama hapo. Mwambie mguu uwe mpana kuliko kichwa kwa angalau sentimita 10 kila upande, na miguu yote minne ikae sakafuni bila kutikisika. Uliza atatumia paipu ya unene gani, kisha uangalie ndani ya kipande kilichokatwa mwenyewe, maana jibu na paipu si lazima viwe ndugu. Sehemu zilizochomelewa zisuguliwe mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Gauni la bi harusi linaponasa kwenye donge la chuma, jina lako ndilo linaloitwa, si la fundi.

Kwa silinda, pitisha kitambaa kwenye ukingo wa juu. Kikinasa, bati halikukunjwa. Mfuniko uwe umekaa sawasawa, kwa sababu hapo ndipo keki itawekwa. Na kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani haina huruma: bati lililokwaruzwa likikaa Mombasa, Unguja au Kigamboni wiki chache bila kufunikwa rangi, linaanza wekundu.

Ya tatu: faiba

Kwa uzuri ingekuwa ya kwanza. Faiba nzuri hunakili kila jani na kila mfereji, inapungua kuelekea juu inavyotakiwa, inapokea rangi yoyote, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole inajibu kwa sauti nzito. Ikipasuka, fundi yeyote wa boti za faiba au wa bampa za magari anaiziba kwa rezini na matandiko ya nyuzi, na baada ya msasa na rangi hujui palipokuwa na ufa. Nguzo ya mita 2 yenye unene wa milimita 3 hukaribia kilo 10 hata kabla ya kitako, kwa hiyo inasimama kwa heshima zaidi.

Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa kosa moja: haikunjiki, haiingiliani, haipungui. Nguzo sita za faiba ni chumba kizima. Kama unalipa kodi ya stoo kwa mita, utailipia nguzo hiyo kila mwezi, iwe imetoka au haikutoka. Wenye kumbi zao na hoteli, hii ni yenu. Wenye kirikuu ya kukodi, ikodini.

Tazama ndani yake kabla ya kulipa. Faiba mbovu huficha nyuzi zilizochomoza ndani. Mkono ukiingia kubeba, unawasha siku mbili.

Ya nne: plaiwudi, kwa shule, kanisa na jukwaa la maigizo

Bodi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ipasue kwa urefu mara tatu, unapata pande nne za sentimita 30 na kibaki kidogo cha msumeno. Pande nne hizo ni nguzo moja ya mraba, mita 2.44, hakuna kinachotupwa. Ya milimita 6 ina uzito wa kama kilo 11, bado hujaweka viunzi vya mbao kwenye pembe. Seremala wa Keko au wa mtaani kwako anaimaliza kwa siku moja.

Watu huidharau kwa sababu si duara. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Pwani yetu ina nguzo zake na si zote za mviringo wala za majani. Ukienda Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu umesimama kwa nguzo za mawe ya matumbawe ambazo hazikuhitaji ua hata moja. Nyumba ya Maajabu ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungukwa na nguzo nyembamba za chuma ghorofa juu ya ghorofa, na watu walivuka bahari kuja kuitazama. Bibi mmoja wa Tanga aliwahi kuniambia, mjukuu wake anaolewa, hataki "mambo ya Roma". Nilimpigia nguzo nne za plaiwudi, nikazipaka chokaa ya rangi ya krimu, fundi akapiga mistari ya nakshi ya milango ya Unguja kwenye pande za mbele tu. Ilikuwa kazi yangu rahisi kuliko zote mwaka ule, na ndiyo inayoulizwa mpaka leo.

Kwa jukwaa la maigizo unaweza kuipaka marumaru. Rangi ya msingi nyeupe, kisha kijivu chepesi kwa sifongo, kisha mishipa kwa unyoya uliochovywa rangi nyeusi iliyozimuliwa. Mishipa ipite mshazari, isifanane. Hadhira iko mita kumi nyuma. Usihangaike na kidogo kidogo.

Ya tano: povu

Nazungumzia lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni. Nguzo zake hukatwa kwa waya wa moto au mashine, na ni nzuri ajabu: mifereji imenyooka, majani yamechongeka, na mtoto wa darasa la pili anaibeba peke yake. Sababu ni kwamba karibu yote ni hewa. Nguzo ya sentimita 40 kwa mita 2, ikiwa povu tupu ndani na nje, ina uzito wa kilo 4 au 5 tu.

Sasa unaelewa kwa nini iko ya tano. Kwenye bustani haina maisha. Kusi ya Julai ikipuliza kama kilomita 30 kwa saa pale ufukweni, inaisukuma nguzo kama hiyo kwa nguvu ya kilo 3 hivi, na tumeshaona inadai ngapi kuanguka. Ndani ya ukumbi inameguka kila inapoguswa, na vile vipunje vyeupe utavikuta kwenye zulia, kwenye suti, kwenye wali.

Halafu rangi. Mahafali ya shule moja walitaka nguzo za dhahabu. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, nikaitoa nguzo ya povu uani, nikapiga mkono wa kwanza. Ikaanza kutoa sauti, chiii, kama mafuta ya moto yakiguswa na kitunguu. Nikadhani ni kopo. Nilipoinama, uso wa nguzo ulikuwa unafunguka vishimo vishimo, kimoja kinamla mwenzake, mpaka lile jani nililolipenda likazama ndani. Ndani ya dakika chache nilikuwa na sega la nyuki la dhahabu.

Nikampigia fundi rangi. "Fundi, hii rangi ina nini ndani?"

"Ina thina, dada. Umepiga kwenye nini?"

"Kwenye povu."

Akacheka kwanza, ndipo akanipa pole.

Thina, petroli na gundi nyingi za viatu huyeyusha povu hilo. Ukilinunua, tumia gundi nyeupe ya seremala na rangi ya maji. Wapambaji wa majukwaa hulivika bafta: unachovya kitambaa kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa, unalipaka povu lote, unaacha likauke usiku kucha. Linapata ngozi ngumu, halimeguki, na baada ya mikono miwili ya rangi ya maji unaweza kupuliza dhahabu yako, ukianza kwa kujaribu sehemu ya nyuma.

Kubwa kuliko yote ni moto. Povu la kawaida huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 100 hivi, na likishika moto linadondosha matone yanayowaka na moshi mweusi mzito. Siku hizi keki haikatwi bila fataki, na fataki huwekwa pale pale kati ya nguzo mbili ili picha itoke vizuri. Septemba 2023, kwenye ukumbi wa harusi Qaraqosh nchini Iraki, fataki za ndani ziliwasha mapambo, moto ukaenea darini, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ilikuwa harusi kama zetu. Mimi siweki povu kwenye shughuli yenye fataki wala mishumaa, na mteja akilazimisha nachagua mojawapo liondoke. Lipo povu lililotiwa dawa ya kuzuia moto. Omba kipande cha masalia, kipeleke uwanja wazi, kiguse na kiberiti ukikishika kwa koleo. Lenye dawa linanywea likiukimbia moto na kuzimika ukiondoa kiberiti. Lisilo na dawa linaendelea kuwaka. Muuzaji asiyekupa kipande ameshakujibu.

Povu linapofaa, linafaa kweli: jukwaa la maigizo ambako nguzo inatakiwa idondoke mbele ya watu bila kumuumiza mwigizaji, au kitu cha kuning'iniza juu. Taa ziwe za LED, na zikae mbali nalo.

Nilizoziacha nje

Jipsamu na zege ni za kukaa mahali pamoja. Duka la vito, mapokezi ya hoteli, sawa. Kuibeba nguzo ya jipsamu kila wikendi ni kutafuta kesi na mgongo wako. Nguzo za maputo ni za usiku mmoja, na kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto hazina mpinzani. Zijaze asubuhi ya siku yenyewe na usizijaze sana, joto linamalizia. Magogo ya kadibodi yanayokuja na mazulia unaweza kupewa bure ukiyaomba vizuri kwenye maduka ya mazulia. Yavike kitambaa cha kuvutika, yasimamishe kwenye ndoo ya mchanga, yatakusaidia mpaka mvua ya kwanza.

Ununue au ukodi

Chukua bei ya kununua, igawe kwa bei ya kukodi usiku mmoja. Tuseme nguzo inauzwa shilingi 120,000 na kuikodi ni 15,000. Jibu ni 8. Kama huoni shughuli nane mbele yako ndani ya mwaka, kodi. Wapambaji wengi wapya husahau kuongeza stoo, usafiri na rangi ya kurudishia, kwa hiyo mimi huisukuma ile nane iwe kumi na mbili. Mzazi mwenye harusi moja asinunue kabisa, hata akishawishiwa kwamba atauza baadaye. Nguzo iliyotumika mara moja inauzwa kama iliyotumika mara mia.

Ukikodi, zipokee zikiwa zimesimama na uzipige picha kwa simu, pande zote. Ukikodisha, andika namba kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kila kipande, 1A, 1B, 1C, maana kipande cha nguzo ya tatu hakikubali shingo ya nguzo ya tano hata uking'ang'ania. Mifuko ya mchanga ishone kwa mabaki ya kitenge, kilo 5 kila mmoja, mitatu kwa nguzo. Ni rahisi kubeba, na mchanga haumwagiki kwenye gari la watu. Nunua pia vitako vya ziada, viwili kwa kila nguzo sita. Vichwa hurudi vyote, hata majani yake hayapungui. Vitako ndivyo hupotea, kwa sababu watu wa ukumbi wameshagundua kwamba kikijaa mchanga hakuna kitu kizuri kuliko hicho cha kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.